Mwaka Niliomwaga Petroli ya Sista Emily

Tulimzika Sista Emily Jumamosi iliyopita, huko juu Keringet, ubavuni mwa shamba lake, na kwa sababu mimi ndiye mwenye jina, nikapewa kipaza sauti kabla ya watu wenye digrii. Sikushangaa. Niliacha shule darasa la sita, na leo nina maduka matatu ya spea za pikipiki Nakuru mjini, karakana mbili, na mafundi wanaoniita boss, hata wale waliomaliza chuo cha ufundi wakaja kwangu kufundishwa namna ya kushika spana. Pikipiki ikikataa kuanzia Rhonda mpaka Kaptembwo, watu husema, "Mpelekee Shadrack. Ikimkataa Shadrack, uza chuma." Basi nikasimama, nikanyoosha koti, nikawapa waombolezaji ile hadithi ambayo nimeisimulia miaka yote: kwamba mwaka wa surua niliikuta kabureta ya Sista imekufa kabisa, nikaifufua kwa uzi mmoja wa waya wa breki, naye akapanda na chanjo mpaka ukingoni mwa msitu. Wakapiga makofi. Akina mama wakasema amina. Na kila neno nililosema lilikuwa kweli, ila sikusema kabureta yenyewe ilikufaje. Nyuma ya hema walikuwa wamekaa watu wa kule ukingoni, vijana warefu, gambuti zao zimejaa tope, na mimi nikiwa bado nimeshika kipaza sauti nikajikuta nawahesabu. Ndivyo nilivyo. Nikiwaona sokoni nawahesabu, nikiwaona kanisani nawahesabu, na sijui natafuta hesabu gani. Nilipokaa chini shati lilikuwa limeshikana na mgongo, na mtu anayeijua Keringet atakwambia hapo si mahali pa mtu kutoka jasho.

Ulikuwa mwaka uliofuata moto wa Sachangwan. Watu wakiniuliza kwa nini niliacha benchi langu Rhonda nikapanda huko kwenye baridi, huwa namwambia kila mtu kwamba niliona nafasi: mashine za kusaga, pampu za maji, misumeno ya kukatia miti, na hakuna fundi. Hiyo pia ni kweli. Lakini kweli iliyo chini yake ni Wafula. Nilifanya kazi na Wafula benchi moja, tukila githeri kwenye sahani moja, na asubuhi ile alikuwa anaenda Molo kutengeneza mashine. Akaniambia, "Shadi, niazime ile jerikeni yako ya njano, nitarudi nayo jioni." Nikamrushia, akaidaka kwa mkono mmoja akicheka. Lori la petroli lilipopinduka pale Sachangwan na watu wakakimbilia kuchota, yeye alikuwa njiani na jerikeni yangu, kisha likalipuka. Hakurudi, na jerikeni haikurudi, na tangu hapo sikuweza kukaa ndani ya chumba kilichofungwa chenye harufu ya petroli. Nje, kwenye upepo, ningeioga. Ndani, magoti yangu yalikuwa yanaanza kucheza yenyewe kama ya mzee. Fikiria fundi wa pikipiki anayeogopa petroli. Ningemwambia nani? Kwa hiyo nilifanya anachofanya mwanamume asiye na karatasi: nikapaza sauti. Nilikuwa naongea kuliko redio.

Nilipanga chumba kwa Mama Cherono, mjane mwenye shamba la waru, viazi vya kule, lililokuwa zamani la mzungu. Chumba chenyewe kilikuwa zizi la farasi wa huyo mzungu, mbao za mwerezi, sakafu ya mawe, dirisha moja dogo kama la kuuzia tikiti. Baridi ya Keringet inapita kwenye mbao kama maji, kwa hiyo kila jioni kulikuwa na jiko la makaa ndani, la sivyo unaamka vidole havikunjiki. Ukuta mmoja niliutumia pamoja na jikoni kwa Mama Cherono, na kila kilichosemwa huko nilikisikia: bei ya waru, nani ameokoka, nani amerudi nyuma. Alikuwa ananipikia. Ugali mgumu wa kusimamisha mwiko, sukuma, Jumapili mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni, na chai ambayo maziwa yalikuwa mengi kuliko maji. Ukiacha chakula anakuuliza kama umekosana na tumbo lako.

Sista Emily alikuwa muuguzi wa zahanati, na kule kila muuguzi huitwa Sista, mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kusimamisha ng'ombe, na ndiye peke yake aliyeweza kuendesha ile pikipiki nyekundu ya matope iliyoachwa na daktari wa misheni. Mvua za masika zilipokaribia akaitwa Nakuru kwa masomo ya miezi mitano. Akaileta pikipiki kwangu, akaisukuma mwenyewe mpaka ndani ya zizi, akaiegemeza ukutani karibu na kitanda changu, hatua tatu kutoka kwenye jiko. Halafu akatoa mfukoni chupa ndogo yenye kifuniko chekundu.

"Shadrack, unaweza kusoma hii?"

"Sista, mimi nasoma injini. Karatasi ni za makarani."

Akacheka mpaka Mama Cherono akachungulia. "Haya, basi sikia kwa masikio. Hii ni dawa ya petroli. Daktari alikuwa anatumiwa kutoka kwao. Huko theluji ikianguka pikipiki zinalala ndani miezi mitano, na petroli ikilala hivyo bila dawa inaoza, inakuwa gundi. Kwa hiyo unajaza tangi mpaka shingoni, usiache hewa, hewa inaleta kutu. Unatia dawa kifuniko kimoja. Halafu unawasha dakika kumi, ili dawa ifike mpaka ndani ya kabureta. Dakika kumi, si mbili. Umeshika?"

"Sista, unamfundisha samaki kuogelea."

"Samaki, rudia nilichosema."

Nikarudia. Tangi mpaka shingoni, kifuniko kimoja, dakika kumi. Hata akijaza tangi mbele yangu kwa petroli safi aliyokuja nayo kutoka Molo, nilikuwa nimesimama mlangoni nikijifanya naangalia mawingu. Akaniachia chupa, akaniambia dawa niitie mimi kesho yake, mashine ikishapoa, kisha akapanda lori la maziwa akaondoka.

Siku mbili sikuwasha jiko. Nililala na koti, na gambuti, na gunia la waru juu ya blanketi, nikiangalia lile tangi limejaa petroli, na kila mbao ilipolia nilikuwa nimeshakaa. Harufu ilikuwa kidogo sana. Mtu mwingine hangeisikia. Mimi nilikuwa naisikia kwenye meno. Siku ya tatu, Jumapili, Mama Cherono akiwa kanisani, jua liko juu kabisa, nikaisukuma pikipiki nje, nikatia mpira kwenye koki, nikaimwaga petroli yote kwenye kona ya shamba la waru, nyuma ya mti, nikiwa nimesimama kinyume na upepo kama mtu anayenyunyizia dawa ya kupe. Nilijiambia sijafanya kosa. Rhonda tulikuwa na sheria yetu, na ni sheria nzuri: pikipiki ya kulala hulala na njaa. Unakausha tangi, unazungusha oili ndani lisishike kutu, halafu unafungua ile skurubu chini ya kabureta, unamwaga mpaka tone la mwisho. Ningefanya hayo yote, nisingekuwa nasimulia habari hizi. Lakini ile petroli iliyobaki kwenye kabureta, kikombe kimoja cha kahawa tu, ikifunguliwa inamwagikia vidole na mashine yenyewe, na mimi sikutaka iniguse. Nikasema hiyo kidogo itakauka yenyewe. Nikarudisha pikipiki ndani, nikawasha jiko, nikalala kama mtoto. Chupa ya dawa niliificha ndani ya mkebe wa unga, haijafunguliwa.

Kupata mtandao ilibidi upande mpaka kwenye josho la ng'ombe. Kila Jumamosi saa nane Sista alikuwa anapiga, nami nasimama juu ya ule ukuta wa josho na mwavuli.

"Uliiwasha zile dakika kumi?"

"Kumi na tano, Sista. Iliimba kama kwaya ya akina mama."

"Na dawa?"

"Imekunywa yote."

Uwongo wa kwanza ulikuwa mzito. Wa pili ulitoka wenyewe. Kufikia Juni nilikuwa naongeza chumvi bila kuulizwa: nimepaka cheni grisi, nimegeuza magurudumu, nimeifunika na blanketi. Na kila Jumamosi nikishuka kutoka kwenye josho nilikuwa nahisi kama mtu anayefunga mlango, kisha anasikia kuna mtu upande wa ndani.

Halafu waru zikaanza kufa. Si shamba lote, ni ile kona: mduara mweusi, mpana kama meza ya kulia, majani yamekauka kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Nilikuwa nakula ugali wangu niliposikia kupitia ukutani Mama Cherono akiongea na dada yake.

"Hii si ukungu wa waru. Ukungu huanza popote. Hii imeanza karibu na ua."

"Karibu na ua wa nani?"

"Si unajua ni wa nani."

"Mungu wangu! Baba Ndung'u?"

"Mimi sijasema. Nimesema tu karibu na ua."

Nikarudisha tonge sahanini. Baba Ndung'u alikuwa jirani wa upande wa pili wa ua. Ulikuwa ni mwaka wa pili tu tangu watu wa makabila yao mawili wakimbiane baada ya uchaguzi, nyumba zimekuwa majivu, na ndiyo kwanza Mama Cherono na Baba Ndung'u walikuwa wameanza tena kuazimana fahali na kupelekeana maziwa. Wiki ile maziwa hayakuvuka ua. Wiki iliyofuata nilimsikia shemeji yake Mama Cherono pale jikoni, mwanamume ambaye sikumpenda kamwe, akisema kwa sauti ya chini, "Mtu akikumwagia sumu shambani, anajaribu kuona kama utanyamaza." Nikasikia tu mwiko wa Mama Cherono ukigonga sufuria, mara moja, mara mbili. Nilitamani aseme kitu. Mimi mwenyewe, nikiwa na ulimi mrefu kuliko wote Keringet, sikusema. Niliamka asubuhi nikaenda kusimama kwenye ule mduara nikawaambia, "Labda ni fuko." Wakaniangalia. Fuko hachomi majani.

Mwezi wa nane, siku moja asubuhi ukungu ukiwa umekaa chini hata mbuzi hawaonekani, lori la maziwa likasimama barabarani na Sista Emily akashuka. Hakuwa amepiga simu. Alikuwa na gambuti, na mgongoni alikuwa amebeba sanduku la bluu la kubebea chanjo.

"Shadrack, toa pikipiki. Surua imeingia kule ukingoni mwa msitu. Lori haliwezi kupita, daraja limebomoka. Barafu iliyo humu ndani inanifikisha jioni tu. Ikiyeyuka, hizi chanjo ni maji."

Watu wengine husema moyo uliruka. Wangu haukuruka. Ulikaa chini kabisa, kama jiwe ndani ya ndoo. Nikasema, "Sista, pumzika kwanza unywe chai." Akasema, "Toa." Nikaisukuma mpaka mlangoni. Alikuja na chupa ya soda yenye petroli kutoka kwa kijana wa bodaboda, akidhani ni ya kuongezea tu, akafungua kifuniko cha tangi, akainama. Hakuona petroli. Aliona kutu ya rangi ya chai. Akainuka polepole. Mimi nikachukua ile chupa, nikamimina, nikapiga kiki. Nikapiga tena. Nilipiga mpaka goti likawaka moto, na ile mashine ilikuwa inakohoa hata si kukohoa, inapumua tu kama mtu amelala. Mama Cherono akatoka jikoni akifuta mikono. Nilisikia barafu ndani ya lile sanduku ikigongana kila Sista alipobadilisha mguu.

"Shadrack," akasema, "kwaya imeenda wapi?"

Nilikuwa na uwongo tayari. Ulikuwa mdomoni, mzuri kabisa, kuhusu panya waliotafuna waya. Sijui ni kitu gani kilinizuia. Nadhani ni ile sauti ya barafu. Nikasema, "Sikuiwasha. Hata siku moja. Niliimwaga petroli kwenye waru za Mama. Dawa iko ndani ya unga. Naogopa petroli, Sista. Siwezi kulala nayo chumba kimoja." Na kwa mara ya kwanza nikamwambia mtu habari ya Wafula, na jerikeni, na kwamba ilikuwa yangu, nikiwa nimesimama pale na spana mkononi, pua inatiririka kama ya mtoto.

Nilingoja kofi. Mama Cherono alishika kichwa, akasema, "Uui, na mimi nimemnyima Baba Ndung'u salamu miezi miwili!" Sista alinipita akaingia ndani ya zizi. Jiko langu lilikuwa bado na makaa ya asubuhi. Akalishika na kanga, akalitoa nje mpaka katikati ya uwanja, akachota maji kwenye pipa, akamwaga. Mvuke ukapanda kama nyumba inaungua, na mimi nikaruka nyuma. Akaingia jikoni kwa Mama Cherono akafanya vivyo hivyo kwa lile la chai. Akarudi, akakaa kizingitini, sanduku limekaa mapajani.

"Hakuna moto tena hapa. Mimi nitaangalia. Wewe fungua."

Nikafungua. Ndani ya kabureta hakukuwa na petroli, kulikuwa na utomvu wa kijani, unang'aa, unanuka kama rangi ya zamani, na lile tundu dogo la jeti, ambalo hata unywele unalipita kwa shida, lilikuwa limezibwa kabisa. Nikachomoa uzi mmoja kutoka waya wa breki. Mara nne uzi ulipita pembeni. Petroli ikanimwagikia vidole, ikateremka mpaka kwenye kiwiko, na kila mara nilipoinua macho kutafuta moto, nilikuwa naona mgongo wa Sista mlangoni, mpana, umeziba mlango wote. "Hakuna kitu," alikuwa anasema bila kugeuka. "Endelea." Tangi nalo tulilisuuza kwa changarawe na petroli mpaka kutu ikatoka, na Mama Cherono mwenyewe ndiye aliyelitikisa, akitukana kwa Kikalenjin huku akilia. Masaa matatu. Nilipopiga kiki mara ya pili baada ya kufunga, ikashika. Haikuimba. Ilinguruma vibaya, na moshi, lakini ikashika.

Sista alifunga sanduku mgongoni. Kabla ya kuondoka akaniambia, juu ya ile kelele, "Kuogopa si neno. Ungeniambia unaogopa, ningeiacha kwa padri wa misheni. Lakini uliniambia inaimba." Kisha ukungu ukammeza.

Alasiri hiyo Mama Cherono alinishika mkono kama anampeleka mwizi kwa chifu, akanipeleka mpaka kwenye ua, akamwita Baba Ndung'u, akaniambia, "Sema." Nikasema. Baba Ndung'u alisikiliza akiwa ameegemea jembe, kisha akamuuliza Mama Cherono, si mimi, "Kwa hiyo kesho kuna maziwa?"

Sista alirudi siku iliyofuata mchana, tope mpaka kwenye nyusi. Barafu ilikuwa imemfikisha. Chanjo zilikuwa zimefanya kazi. Nikamuuliza kama zile saa tatu nilizomchelewesha zilikuwa zimechukua mtu. Alijua nilichomaanisha. Alinawa mikono kwa muda mrefu, akanawa tena, akasema, "Niliwakuta wengine tayari ni wagonjwa. Chanjo haimsaidii aliyeugua. Wangeugua hata ningefika asubuhi, nadhani." Hilo "nadhani" ndilo nililolibeba. Hakuwahi kuliondoa, na mimi sikuwahi kuuliza tena, hata nilipokuwa mtu mkubwa wa kununuliwa chai.

Sasa turudi Jumamosi. Baada ya chakula, binti yake Zipporah, ambaye ni mwalimu, alinichukua mpaka stoo nyuma ya nyumba. Akavuta turubai. Ile pikipiki nyekundu. "Mama aliiweka alipoanza kuugua, sasa ni miezi minane," akasema. "Alituambia isiguswe na mtu ila wewe." Juu ya tangi alikuwa amebandika utepe wa karatasi, na kwenye utepe ameandika kwa herufi kubwa, moja moja, kwa Kiswahili, jinsi unavyomwandikia mtu ambaye unajua hasomi haraka: IMEJAA. DAWA IMEWEKWA. IMEWASHWA DAKIKA KUMI. Na chini, kwa kalamu nyingine, NI KWELI.

Nikafungua kifuniko. Imejaa mpaka shingoni, safi, inanuka kali kama imetoka kituoni leo. Vijana wakaanza kujaa mlangoni na simu zao juu. "Boss, piga kiki tuone!" "Mzee wa waya wa breki!" Wale wa ukingoni walikuwa pia wamekuja, wamesimama nyuma na gambuti zao. Na hapo nje, hatua nne kutoka mlangoni, majiko mawili ya chai ya matanga yalikuwa yanawaka, makaa mekundu kabisa. Mguu wangu ulikuwa tayari juu ya kiki.

Nikaushusha mguu. "Zipporah," nikasema, "hayo majiko yatolewe kwanza. Yazimwe na maji."

Kijana mmoja akacheka. "Boss, usiniambie unaogopa."

"Naogopa," nikasema. "Nimeogopa tangu kabla hujazaliwa. Na mkishayazima, nyinyi watu wa ukingoni msiondoke. Kuna kitu sikukisema kwenye kipaza sauti."

Wakayabeba majiko mpaka kwenye bomba. Nikasikia maji, nikaona mvuke unapanda juu ya paa. Kisha nikageuka, na walikuwa bado wamesimama hapo, wote, wananingoja.